Kahawa ya Siagi kwa Mtu wa Kilo Mia na Nane

Kijiwe hiki ni kiti kirefu cha nyuma cha basi. Basi lenyewe lilishakatwa vipande vipande likauzwa lote, kuanzia usukani hadi vyuma vya madirishani, isipokuwa kiti hicho, kwa sababu siku ya kukipakia kilikuwa kimekaliwa na watu na hakuna aliyekubali kuinuka. Kimeegemezwa ukutani nje ya geti la yadi ya vyuma chakavu, kimechanika ngozi upande mmoja, na kila mwenyeji ana sehemu yake iliyobonyea kwa kipimo chake. Mwisho kabisa, karibu na geti, hukaa Kutu, mwenye yadi, ili awaone wateja wakiingia. Anayefuata ni Daktari, ambaye ni kinyozi; jina hilo amelipata kwa koti jeupe analonyolea, na kwa kuwa hajawahi kuulizwa jambo akasema halijui. Kisha yuko Taarifa, mlinzi wa duka la vitambaa lililo ng'ambo ya barabara, mwenye simu isiyopumzika. Mbele yao, juu ya kigoda, Mama Birika na jiko lake la kahawa. Na katikati ya kiti, pale palipodidimia kuliko pote, ndipo pa Anga.

Anga ni fundi rangi wa maghorofa. Kwa miaka kumi na tisa amening'inia nje ya majengo ya watu, ndani ya kikapu cha chuma kinachoshushwa kwa kamba kutoka paani, yeye na mwenzake na ndoo zao. Chini hapapendi. Chini kuna vumbi, kuna wasimamizi, kuna kuulizwaulizwa. Juu kuna ukuta na upepo, na mtu akitaka kukugombeza inabidi apige kelele mpaka sauti imkauke, ndipo umjibu kwamba husikii.

Sasa, wiki tatu nyuma kampuni ilileta kikapu kipya chenye karatasi yake ya masharti. Fundi anayezidi kilo mia moja hapandi. Mafundi wote wakapangwa ghalani, wakapimwa mmoja mmoja, na Anga akasomewa mbele ya wenzake: mia na nane. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimpa hadi Jumamosi ya wiki ya tatu, na kwa muda huo apake kuta za ndani. Siku hiyo akizidi tena, atashuka chini kuchanganya rangi za wenzake, mpaka upimaji mwingine baada ya miezi mitatu.

Anga aliogopa, na hakuona haya kukiri moyoni kwamba ameogopa. Kuchanganya rangi ndiko alikoanzia akiwa kijana wa miaka ishirini. Halafu kulikuwa na ukuta wa mashariki wa jengo moja la ghorofa kumi na moja. Nusu ya juu ameipaka yeye, na nusu ya chini ilikuwa inamsubiri. Wazo la kusimama pale chini, ameshika mti wa kukorogea, akiangalia mtu mwingine anamalizia ukuta wake, lilimkosesha hamu ya kila kitu isipokuwa chakula.

Ndipo alipokuja kijiweni siku ya Jumatatu, akayaeleza yote, na Taarifa akachomoa simu.

— Kaka Anga, tulia. Dawa yako ninayo hapa. Kahawa ya siagi.

— Kahawa ya nini? Mama Birika aliuliza, mkono kiunoni, maana kahawa ni mambo yake.

— Ya siagi. Kikombe cha kahawa kavu, kijiko kikubwa cha siagi, na mafuta ya nazi kidogo. Unaichanganya mpaka itoe povu, unakunywa asubuhi. Watu wanapukutika huko duniani, mama! Kuna jamaa hapa alikuwa kama tangi la maji, mwangalie sasa. Shingo inaonekana.

— Yaani mtu anakunywa mafuta ili atoe mafuta?

— Ndiyo sayansi yenyewe. Mafuta mapya yanaingia yakiwa na nguvu, yanayakuta ya zamani yamelala tu humo ndani, yanayafukuza.

Daktari aliitikia kwa kichwa, kwa utulivu wa mtu aliyekuwa akilisubiri jambo hili miaka mingi.

— Yuko sahihi. Mteja akija na grisi kichwani, mimi namtoa kwa nini? Kwa mafuta. Maji hayawezi. Grisi inasikia lugha ya grisi mwenzake.

— Hata nati iliyoshika, Kutu akaongeza, ukiipiga nyundo inakucheka. Itie oili, ulale, asubuhi inafunguka kwa vidole.

— Tumbo la mtu si nati, Mama Birika alisema.

— Mama, wewe uza kahawa, Daktari alimjibu, mambo ya ndani ya mwili tuachie sisi.

— Niwaachie kinyozi na muuza vyuma!

Anga aliwasikiliza wote. Hakuwa mtu wa kushika mambo nusunusu, akiamua, ameamua. Aliomba aonyeshwe video hiyo, akaiangalia mara mbili mpaka mahali ilipokatikia, kwa sababu bando la Taarifa liliisha yule jamaa mwenye shingo akiwa ameinua kidole na kusema: "Jambo la muhimu kuliko yote ni..." Mengine hawakuyasikia. Lakini Taarifa aliwahakikishia kwamba video zote mwishoni husema ubonyeze kitufe na uwaalike marafiki, kwa hiyo hawakukosa kitu.

Kesho yake alfajiri, Anga alisimama jikoni kwake na vitu vyote mezani. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, mashine ya kusagia, ile ya kutolea povu. Alijaribu uma, siagi ikaelea juu kama kisiwa. Alijaribu kutikisa ndani ya chupa, kifuniko kikaruka. Basi akaenda kwenye mfuko wake wa kazi, akatoa drili, akaifungia ule mti mpya wa kukorogea rangi, ambao haujawahi kugusa rangi, akauosha kwa sabuni mara tatu, akauzamisha kwenye sufuria na kubonyeza.

Mke wake aliamshwa na mlio. Alipofika mlangoni, kahawa ilikuwa ukutani, ilikuwa kwenye dari, ilikuwa kwenye kalenda, na kidogo ilikuwa kwenye sufuria, ina povu zuri sana.

— Baba watoto, alisema, unatoboa nini?

— Napungua.

Mama watoto alivuta kiti akaketi. Alimtazama akimimina lile povu kwenye kikombe kikubwa, akilinywa lote huku amefumba macho, na kubaki na mstari wa mafuta juu ya mdomo. Kisha akamwona anasogeza sahani, anakata mkate, anaumwagia mayai.

— Na hicho?

— Chai ya asubuhi.

— Nilidhani umeshakunywa.

— Ile ni dawa, mama watoto. Mtu hamezi dawa akasema ameshiba.

Jioni ile alipaka upya ukuta wa jikoni na dari yake, makoti mawili ya rangi, moja juu ya jingine, na kwa kweli jiko lilipendeza. Siku ya pili alijua kuishikilia drili kwa mwendo wa chini. Siku ya nne alikuwa bingwa, hata tone halikuruka. Na hiyo siku ya nne ndiyo ilikuwa Ijumaa ya kwanza, na Daktari alisema haifai mgonjwa kumaliza wiki bila vipimo.

Mizani ilikuwepo palepale, hatua nne ndani ya geti la yadi, ile ambayo Kutu hupimia vyuma anavyouziwa. Ni mizani ya zamani, bamba la kukanyagia chini, mkono wa chuma wenye namba juu, na jiwe la kusogeza juu ya huo mkono, kama zile za kupimia magunia. Kutu ndiye hulisogeza jiwe mwenyewe, na asipokuwepo, kijana wake wa kazi. Hapendi mtu mwingine aliguse. Anga akapanda. Kutu akasogeza, akarudisha, akasogeza tena kidogo.

— Mia na nne, alisema, akageuka upande mwingine kama mtu aliyeitwa.

Kijiwe kizima kililipuka. Kilo nne kwa siku nne! Taarifa alirukaruka kana kwamba siagi ameitengeneza yeye. Anga alisimama juu ya bamba, akaishika mikono yake miwili pamoja, machozi yakamlengalenga, na hakuyaficha.

Ijumaa ya pili ilikuwa mia na moja. Mama watoto siku hiyohiyo alikuwa amekishona upya kifungo cha suruali yake ya kazi kilichoruka kikapiga kabati, na alikuwa na la kusema kuhusu jambo hilo. Anga alilifikisha kijiweni.

— Anasema suruali inabana kuliko mwezi uliopita.

— Lazima ibane, Daktari alijibu bila kusita. Mafuta yakiwa yanatoka hayatoki yote kwa pamoja. Yanasogea. Yanatoka kifuani, yanatoka mgongoni, yanakusanyika mbele hapa kiunoni, yanapanga foleni. Sasa we ukiangalia foleni utasema watu wameongezeka, kumbe ndio wanaondoka.

Anga alipeleka jibu hilo nyumbani. Mama watoto alilisikiliza mpaka mwisho, akasema tu:

— Foleni hiyo haisogei.

Lakini namba ni namba. Anga alizidisha bidii. Kikombe kimoja kikawa viwili, kijiko cha siagi kikawa kijiko na nusu. Alikunywa asubuhi akaenda kazini, akarudi akanywa kingine cha jioni. Siku ambazo tumbo lilimkataa, aliziba pua akanywa. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mtu huyu hakujitahidi.

Basi tuje Ijumaa ya tatu, siku moja kabla ya kupimwa kazini. Alikuja kijiweni saa kumi na moja jioni moja kwa moja kutoka kazini, rangi ya maziwa ikiwa bado kwenye nyusi, mkononi ameshika chupa ya chai iliyojaa kahawa ya siagi. Hakuketi.

— Kutu, twende.

— Kunywa kwanza kahawa, kaka.

— Nitakunywa nikishuka. Twende.

Wote wakamfuata ndani ya geti, hata Mama Birika aliacha jiko. Anga alivua viatu, akatoa funguo mfukoni, akampa Taarifa chupa yake aishike, akapanda. Kutu akalishika jiwe. Alisogeza taratibu mno.

— Tisini na nane.

Kelele zilizotoka hapo ziliwafanya mafundi wa gereji ya jirani kuchungulia juu ya ukuta.

— Tisini na nane! Taarifa alipiga kelele. Umevuka na chenji! Kesho unapanda kikapu!

— Kikapu? Kesho hata kamba hazitahitajika, Daktari alisema. Mtu aliyepungua namna hii upepo wenyewe unampandisha.

— Mimi nawaambia, Taarifa akadakia, hii kahawa haiishii kwenye mafuta. Ikimaliza mafuta inaingia kwenye mifupa, inaitoboa matundu madogomadogo, kama mifupa ya ndege. Ndege anakula siku nzima, mlishawahi kuona ndege mnene?

— Kuku, Mama Birika alisema.

— Kuku hajanywa kahawa!

— Na damu, Daktari akachukua usukani. Damu ya kawaida ni nzito. Ukiichanganya na siagi inakuwa nyepesi kwa sababu siagi huelea. Ndiyo maana Anga siku hizi anatembea kama amesimamishwa na kitu kutoka juu.

— Natembea hivi kwa sababu suruali inanikata, Anga alisema, na yeye mwenyewe akacheka. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu alipompeleka binti yake mkubwa chuo. Aliwaza ukuta wa mashariki. Aliwaza namna atakavyopanda kesho bila kumtazama mtu usoni, kama mtu ambaye hata hakuwa na wasiwasi.

Hapo ndipo sauti ya mwanamke iliposema:

— Samahani jamani. Naomba mnielekeze.

Walikuwa hawajamwona. Alikuwa amesimama karibu na mkokoteni wa vyuma, mwanamke wa makamo mwenye unga kwenye nywele za mbele, aproni imefungwa juu ya gauni. Muoka mikate, ndiye aliyefungua tanuri mwisho wa mtaa mwezi huo huo. Miguuni pake kulikuwa na mlango wa chuma wa tanuri bovu.

— Kijana wako amenipimia mlango huu sasa hivi, kabla huyu baba hajapanda, alimwambia Kutu. Amesema kilo kumi na nane.

— Kama amesema kumi na nane, dada, ni kumi na nane.

— Ila mimi nimetoka kuupima kule kwangu. Napima unga kila siku, mizani yangu ikikosea hata robo, mkate hauumuki. Mlango huu ni kilo ishirini kamili.

Kijiwe chenye Daktari hakikosi jibu.

— Ni jua, dada yangu. Umeutembeza juani. Chuma kikipata joto kinapungua.

— Kinapungua kilo mbili kutoka kwangu hadi hapa? Ni mwendo wa dakika kumi.

— Inategemea umepita upande gani wa barabara.

Yule mwanamke aligeuza macho, akamtazama Anga aliyekuwa bado juu ya bamba, miguu mitupu, mikono imening'inia.

— Na huyu baba, alisema, naye anauzwa?

— Anapimwa uzito, Taarifa alieleza. Amepungua kilo kumi kwa wiki tatu, kwa kahawa ya siagi.

— Kwenye mizani hii?

Anga alifanya hesabu taratibu, kama anavyohesabu ndoo za ukuta. Ishirini inasoma kumi na nane. Kila kumi inaliwa moja. Alimtafuta Kutu kwa macho. Kutu alikuwa anaangalia rundo la mabomba kana kwamba ameliona leo.

— Kutu.

— Naam.

— Inakula kiasi gani?

Kutu alitazama geti. Nje kulikuwa na wateja wengine wawili, mmoja na baiskeli mbovu, mmoja na gunia, na wote walikuwa wamesogea kusikiliza. Kusema ilikuwa ni kuifunga biashara yake kwa mdomo wake mwenyewe. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Angesema mizani ya muoka mikate ndiyo mbovu, na Daktari angemsaidia mpaka kesho.

— Kutu, kesho saa moja asubuhi nitasimama mbele ya watu arobaini. Kwenye ile mizani ya kampuni hakuna rafiki yangu hata mmoja. Niambie.

Kutu akapiga goti. Alilitoa lile jiwe la kusogeza kwenye mkono wa mizani, akaligeuza chini juu, akawaonyesha. Chini yake palikuwa pamegandishwa vipande vitatu vya risasi, ile ya betri za magari, vimepakwa rangi nyeusi visionekane.

— Kila kipande kinafanya isome chini, alisema kwa sauti ndogo. Ijumaa ile ya kwanza kilikuwa kimoja. Kazi ikawa mbaya, nikaongeza cha pili. Wiki hii nimeongeza cha tatu.

— Na mimi nikawa napungua, Anga alisema.

— Nilitaka kukuambia Ijumaa ya kwanza. Wallahi nilitaka. Nikakuona umesimama pale umeshika mikono yako namna ile. Nikashindwa, kaka. Halafu nikasema labda na kahawa nayo inasaidia.

Mama Birika alifunika mdomo kwa kanga. Taarifa aliishusha ile chupa ya chai chini, polepole, kama kitu cha wizi.

Kila mtu alidhani Anga atashuka amkwide Kutu kola. Hata Kutu alidhani hivyo, maana hakuinuka, alibaki amepiga goti akisubiri. Hasira ilimjia Anga kweli, ikampanda mpaka masikioni. Lakini kesho ilikuwa palepale, na hasira haipunguzi hata kilo moja.

— Kibandue kimoja, alisema.

— Kaka...

— Kibandue. Nisomee.

Kutu alichukua bisibisi, akakibandua kipande cha kwanza, akalirudisha jiwe.

— Mia na moja na nusu.

— Kingine.

Mwenye baiskeli alikuwa ameshaingia ndani ya geti kabisa, anaangalia.

— Mia na tano.

— Cha mwisho.

Bisibisi iliteleza mara mbili kabla kipande hakijatoka. Jiwe likarudi. Mkono wa mizani ukayumba, ukatulia. Kutu alifungua mdomo asome, mkono wa Anga ukamzuia. Anga akainama, tumbo lake likimzuia, akaisoma namba mwenyewe, kwa sauti, ili asiwepo wa kumsomea tena.

— Mia na tisa.

Kilo moja zaidi ya siku aliyoanza. Wiki tatu, pakiti tisa za siagi, makoti mawili ya rangi jikoni, na kilo moja zaidi. Alihisi kulia, na alihisi kucheka, akakaa katikati.

— Usikate tamaa, Daktari alianza. Hiyo kilo ya juu ni ya mawazo. Mawazo yana uzito. Kesho ukiamka huna mawazo...

— Daktari.

— Naam.

— Basi.

Daktari akanyamaza, jambo ambalo Mama Birika anasema hajaliona kabla wala baada.

Anga akashuka, akavaa viatu. Muoka mikate, ambaye alikuwa amesubiri kwa heshima kama mtu aliye msibani, akaunyanyua mlango wake wa tanuri, akauweka juu ya bamba kabla mtu yeyote hajafikiria kurudisha chochote popote. Kutu alisogeza jiwe bila kuambiwa.

— Ishirini, alisema.

— Ahsante, yule mwanamke alisema. Hakuondoka. Aliwatazama mmoja mmoja, Taarifa na simu yake, Daktari na koti lake, Mama Birika, Kutu, si kwa ubaya, kwa mshangao tu wa mtu mgeni mtaani.

— Lakini nyinyi mnakaa naye hapa kila siku, alisema. Mlikuwa hamna macho? Mkimwangalia tu hivi, mlimwona amepungua?

Taarifa aliitazama simu, ambayo ilikuwa imezimika. Daktari alikunjua mkono wa koti lake akaukunja tena. Mama Birika alisema jiko lake linazimika, ingawa kutoka pale walipo walikuwa wanaliona linawaka. Wiki tatu waliangalia namba, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa katikati yao, kiti kinadidimia.

Anga akanyoosha kiganja mbele ya Kutu.

— Nipe hizo risasi.

— Za nini?

— Nipe.

Kutu akampa vipande vyote vitatu. Anga akavitumbukiza kwenye mfuko wa suruali yake, akaifunga zipu.

— Kesho nakwenda, alisema. Sitangoja wanisomee. Nitawaambia mia na tisa kabla sijavua viatu, nitashika mti wa kukorogea, nitawachanganyia rangi safi isiyo na hata bonge moja. Miezi mitatu. Na kila Ijumaa nitakuja hapa kupima, kwenye mizani hii hii, kwa sababu hii sasa ndiyo ninayoijua ilivyo ndani. Siku nitakayosoma mia moja nitakurudishia risasi zako, ufanye unavyotaka.

Kutu aliutazama ule mfuko, kisha wale wateja wawili, ambao sasa walikuwa watatu na wamepanga mstari, na wote walikuwa wanatabasamu.

— Miezi mitatu, kaka? Na mimi biashara yangu itakuwaje?

Anga aliokota chupa ya kahawa ya siagi, akaimwaga yote kwenye mtaro wa geti, akaikung'uta mpaka tone la mwisho.

— Tutapungua wote wawili, alisema, akashika njia ya nyumbani kwa miguu.